Mlangamia kwa Mama Husna

Rukaya, ambaye Chanika nzima inamwita Mama Husna, ni fundi cherehani, na macho ya fundi yana taabu yake: kila yakionacho hukiona ni urembo. Ndivyo alivyouleta mlangamia nyumbani kwa mkono wake mwenyewe. Alikwenda harusini Mkumbara, akaona nyuzi za manjano zimetambaa juu ya uzio wa watu, hazina jani wala mzizi, zinang'aa juani. Akakata fundo moja, akalifunga kwenye pindo la khanga, akaja kulitupia juu ya michongoma yake. Miezi mitatu wateja waliokuja kupima magauni waliusifia uzio ule, naye akazipokea sifa bila haya.

Jirani yake, Mzee Hiza, Msambaa aliyeteremka Handeni siku nyingi, ana miche sitini ya michungwa pembeni mwa uzio huo. Ameibebesha mwenyewe, mmoja mmoja, kwa wembe, akipachika chipukizi la mchungwa kwenye shina la mlimau, na tangu mkewe afariki ndiyo anayoamka nayo. Kaka yake alipofariki huko Kerenge, ikabidi aende akakae hadi arobaini. Asubuhi ya safari alisimama mlangoni kwa Rukaya, kofia mkononi.

"Mama Husna, nakuachia watoto wangu. Maji jioni, na mbuzi wasiwasogelee."

Rukaya alimwagilia kwa moyo wote. Na kwa kuwa mbuzi wa Chanika hawaogopi mtu, alipunguza michongoma yake, akaizungushia miche yale matawi ya miiba, nyuzi za manjano zikiwa humohumo. Mbuzi hawakugusa hata mche mmoja. Siku ya kumi na mbili aliinama na ndoo, akaona uzi umejizungusha kwenye tawi la mche, umeng'ang'ania hasa. Alipouvuta, ganda likaja nao. Miche minane ilikuwa hivyo.

Alimfuata Yasinta, mama shamba wa kata, hata mikono hajanawa. Yasinta alikuja, akachuchumaa, akauinua uzi mmoja kwa ncha ya kidole.

"Mama, huu ni mlangamia. Hauna mzizi kwa sababu unakunywa kwa mwenzake. Kipande cha urefu wa kidole kikiangukia mti, kinaanza upya. Nani kauleta?"

"Ndege," alisema Rukaya, kisha aibu ikamshika. "Mimi."

Yasinta hakumsema. Bahati yao, alieleza, haujatoa maua. Ukishamwaga mbegu udongoni ni kazi ya miaka. Matawi yaliyoshikwa yakatwe chini ya pale uliponata, nyuzi zibanduliwe zote, na kila kipande kichomwe moto.

"Na uzio?"

"Wote, mama. Hadi chini."

Siku mbili Rukaya alifyeka, cherehani imefunikwa, wateja wananung'unika. Alichoma mpaka pakabaki majivu. Nyumba ikawa wazi, kila mpita njia akajua anapika nini. Asubuhi na jioni aligeuza majani ya miche jani kwa jani. Zilipita wiki tatu bila uzi hata mmoja. Miche sita ikachipua upya. Miwili tu ndiyo iliyokufa. Rukaya alishusha pumzi, lakini nusu tu, maana mwenye miche alikuwa bado hajui. Akawa anafanya mazoezi ya kuomba radhi huku akipepeta mchele.

Mzee Hiza alirudi Alhamisi mchana. Alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri, akaja nusu anakimbia, mfuko unamgonga mgongoni. Rukaya akajua habari zimemfikia. Akatoka kumkabili.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi. Mlangamia niliuleta mimi, na miche yako miwili imekufa."

Mzee Hiza hata hakuitazama miche. Alimshika mikono yote miwili, iliyochanwachanwa na miiba, akabaki ameishikilia.

"Nimeona uzio umefyekwa," alisema. "Kwetu uzio hufyekwa hivyo jeneza lipate kupita. Kuanzia barabarani nimekuja ninakuombea dua ya marehemu."

Rukaya alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Machozi yakamtoka palepale, mbele ya barabara nzima.

"Nipo, mzee."

"Basi nipe maji ninywe," alisema Mzee Hiza, akaketi barazani kwa uzito. "Michungwa tutabebesha mingine."