Ermelinda na Kesi Aliyomwachia Mungu

Mwaka ule wanamgambo walipochoma nyumba katika milima ya Timor, aliyemwita Gaspar atoke nje hakuwa mgeni. Alikuwa Abilio, jirani, aliyemsimamia mtoto wa kwanza wa Gaspar katika ubatizo. Ermelinda, mke wa Gaspar, aliitambua sauti. Mumewe akatoka huku anavaa shati, akidhani ameitiwa maongezi. Hakurudi, wala mwili wake haukuonekana.

Abilio akakimbilia ng'ambo ya mpaka. Ermelinda akabaki na watoto wawili, akachuma kahawa kwenye mashamba ya watu, akawalisha mahindi na maharage mpaka wakakua. Wachunguzi walikuja, wakaandika, wakaenda zao. Shauri halikufika mahakamani.

Kisha Abilio akarudi. Hakuna aliyemgusa. Akajenga nyumba ya matofali, akafungua duka, na kila Jumapili akawa anakaa safu ya mbele kanisani, shati limenyooshwa pasi. Ermelinda, huko nyuma, alisali kwa uchungu: "Bwana, huoni? Au umeshamsamehe bila kuniuliza?"

Siku ya Marehemu Wote watu walikwenda na maua na mishumaa kwenye makaburi yao. Asiye na kaburi huweka maua yake chini ya msalaba mkubwa. Ermelinda alikuwa amepiga magoti hapo, shemeji yake Serafin kando, Abilio alipopita na shada.

"Litazame linavyotembea, utadhani bwana harusi!" Serafin akasema kwa sauti, mkono kwenye panga alilokuja nalo kufyekea majani. "Shemeji, leo namaliza."

"Weka panga chini."

"Unamtetea?"

"Ukimkata, nitamuuliza nani Gaspar yuko wapi? Na wanao utawalea ukiwa jela? Weka chini, nimesema!"

Serafin akaliweka. Ermelinda akainuka, akajikung'uta vumbi magotini, akamfuata Abilio.

"Kaka Abilio, mume wangu ulimpeleka wapi? Sitaki kingine. Nipe mifupa yake nizike."

Abilio akayakodolea macho maua yake. "Dada, hayo ya zamani. Tuyaache."

"Kwako ni ya zamani. Mimi nalala nayo, naamka nayo. Haya, mimi usinijibu. Yupo utakayemjibu, na huyo hadanganyiki."

Tangu siku ile hakuacha kulia, ila aliacha kumuuliza Mungu kama anaona. Sala yake ikawa fupi: "Kesi ni yako, Bwana. Mimi ushahidi nimeshatoa." Lakini Abilio aliendelea kuulizwa na Ermelinda, kila mwaka, palepale makaburini. Ermelinda hakujibiwa.

Abilio alikufa kitandani kwake, uzeeni, wajukuu wamemzunguka. Ermelinda akajitanda nguo nyeusi akaenda msibani, akakaa mkekani na mjane, wakamenya mihogo pamoja. Watu walitazamana.

"Ulifuata nini kule?" Serafin alimuuliza njiani wakirudi. "Yule ameshinda. Amekufa na siri yake."

"Hajashinda. Ndiyo kwanza anasimama mbele ya Hakimu. Na mke wake hakuniulia mtu."

Lakini hakufika mbali. Akaketi kwenye jiwe kando ya njia, akalia kwa sauti, maana aliyekuwa akipajua alipo Gaspar amekwenda. Serafin akaketi naye mpaka Ermelinda alipojifuta uso kwa upindo wa nguo.

"Twende," akasema. "Mbuzi hawajafungwa."