Siku Foleni Ilipotembea

Watahiniwa wangu wote walitoka kwenye chumba cha mtihani kabla saa ya kwanza haijaisha. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyekamatwa na karatasi ya kuibia, na kwa jinsi nilivyowafahamu, maswali yale hayakuwashinda. Walitoka kwa sababu malori yaliyokuwa yamesimama Tunduma kwa karibu wiki nzima yalianza kwenda.

Miaka hiyo Tunduma bado ilikuwa mkoa wa Mbeya. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, na jioni na Jumamosi nilikuwa mratibu wa kituo cha chuo kimoja cha Dar es Salaam kilichofundisha watu wazima kwa njia ya masafa. Kituo chenyewe kilikuwa kabati moja na funguo zake. Vitabu vilikuja kwa basi, nikavipokea stendi. Nilitakiwa kuwapata wanafunzi, kuwafanya wasikate tamaa, na kuwafikisha kwenye mtihani.

Kuwapata kulinishinda karibu mwaka mzima. Nilibandika matangazo sokoni na kwenye zahanati. Mawakala wa forodha walinijibu kwamba vyeti wanavyo. Wabadilisha fedha walinisikiliza kwa adabu, macho yao yakiwa kwa wateja. Wakulima wa kahawa wa Iyula walijiandikisha msimu wa mauzo, wakachukua bunda la kwanza la vitabu, na la pili likabaki kabatini. Nilimfuata mmoja wao hadi kwake. Alinionyesha kitabu kikiwa kimefunikwa vizuri kwa gazeti, akasema alikifungua, akakuta kinamwambia asome peke yake, akakifunga. 

Ndipo nikaenda kwenye foleni. Malori ya Zambia na Kongo yalijipanga kutoka mpakani hadi nje ya mji, na dereva angeweza kukaa hapo siku nyingi akisubiri karatasi zake zipite. Kila mtu alikuwa akiwauzia kitu: mayai ya kuchemsha, vocha, soksi, wokovu. Wa kwanza niliyemgongea mlango alishusha kioo kidogo tu. Akasema kama ni mambo ya kuokoka, yeye ameshaokoka mara mbili, Makambako na Igawa, na foleni bado iko palepale. Nilipomweleza kwamba nauza masomo, alicheka mpaka wenzake wakashuka.

"Dada," akasema mmoja wao, "shule mimi niliikimbia kwa miguu. Sasa unanifuata mpaka kwenye gari?"

Lakini walikuwa na muda, na ule muda ulikuwa ukiwatafuna. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mkubwa wao kwa umri, mtu wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa milima ya Ileje, ambaye Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kindali hata baada ya miaka yote ya barabarani. Aliishia darasa la saba. Alichagua kozi ya usimamizi wa yadi na maghala, na hakuuliza itachukua muda gani. Aliuliza tu kama cheti chake kinatambulika.

Sababu aliniambia safari ya tatu tulipoonana. Tajiri yake, yaani mwenye malori, alikuwa amemwahidi kazi ya kusimamia yadi Mbeya akipata cheti hicho. Nilikuwa nimemwona akikisogeza kitabu mbali, kisha akikipeleka upande kufuata mwanga, nikamuuliza kama macho yanamsumbua.

"Mchana naona, mwalimu. Tabu ni usiku. Taa za gari linalokuja zinapasuka, zinakuwa kama nyasi. Kuanzia Mpika kwenda mbele naendesha kwa kukumbuka."

Hospitali alishakwenda. Aliambiwa afanyiwe upasuaji na apumzike, na tajiri asingeliweka gari kumsubiri. Watoto wake wawili walikuwa sekondari. Aliniomba wenzake wasijue, na alikuwa amepiga hesabu kwamba akiupata mtihani wa Novemba, mwaka mpya ungemkuta nyuma ya meza.

Tulisomea kwenye kivuli cha tela. Walikalia madumu, wengine wakapika ugali pembeni, na mada niliieleza kwa kutumia kilichokuwa mbele yetu: mzigo, turubai, lakiri. Kazi zao za nyumbani zilikuja na alama za vidole vya grisi. Nilizituma Dar es Salaam, zikarudi baada ya miezi miwili zimeandikwa kwa wino mwekundu, "Fafanua zaidi." Wakati huo aliyetakiwa kufafanua alikuwa Lubumbashi. Wengi niliwapoteza hivyo. Waliobaki, walibaki kwa sababu ya desturi moja ya foleni.

Dereva hawezi kukaa garini saa zote. Akitaka kuoga au kulala gesti, humpa jirani ufunguo na kumwambia, "Nisogezee." Matajiri walikuwa wameshaacha kuajiri utingo, kwa hiyo jirani ndiye alikuwa utingo. Niliona hapo pana nguvu. Nikimpata dereva mmoja, nimpate na anayemsogezea, watakumbushana hata wakiwa Ndola. Ilifanya kazi. Kufikia Novemba nilikuwa na wanafunzi sita walio tayari, wote watu wanaosogezeana magari. Walipanga safari zao wawe Tunduma wiki ya mtihani, wakaingia kwenye foleni wakifuatana, pua kwa mkia.

Wiki hiyo mtandao wa forodha ulikatika. Mji mzima ulinung'unika, sisi tukafurahi. Mzee wa Ileje aliniambia Ijumaa, "Mungu anisamehe, mwalimu. Naomba mtandao usirudi mpaka Jumapili."

Jumamosi asubuhi ndipo walipogundua kwamba kila mtu ambaye angemsogezea mwenzake anaingia mtihani. Walizikusanya funguo zote sita wakamkabidhi dereva wa nyuma yao, Mzambia mnene aliyezoea kuniita "bamayo", kama wanavyowaita akina mama upande wa Nakonde. Alizipima funguo mkononi, akauliza kama wakifaulu watamfanya mkuu wa shule. Foleni ya kujikokota angeiweza: hatua chache, anashuka, anapanda gari jingine.

Mtihani ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, jirani na barabara kuu. Msimamizi alitoka Mbeya na bahasha yenye lakiri. Alikusanya simu zote akaziweka kwenye boksi juu ya meza yake. Mimi nilikaa mlangoni, nje, kama kanuni ilivyotaka.

Mtandao ulirudi. Tuliusikia kabla ya kuambiwa: kwanza injini, moja, kumi, halafu barabara nzima, kisha honi. Mageti yalikuwa yamefunguliwa, na getini kila dereva hutakiwa mwenyewe na pasi yake ya kusafiria. Mzambia alipiga simu zikaita ndani ya boksi bila sauti. Akapanda kwenye gari la mzee akashika honi, hakuiachia.

Ndani waliangaliana. Msimamizi aliwaambia waangalie karatasi zao. Wa kwanza aliposimama, niliingia nikamwomba msimamizi awaruhusu wakavuke, kisha warudi. Hakuwa mtu mkali. Alisema anayetoka amejitoa, karatasi ya asubuhi na ya mchana pia, na kwamba kanuni ya Tunduma ndiyo ya Dar es Salaam. Wakatoka mmoja mmoja, karatasi zimelala kifudifudi.

Mzee alikuwa wa mwisho. Aliimaliza sentensi aliyokuwa akiiandika, akaweka nukta. Mlangoni alisimama mbele yangu akitafuta simu yake mfukoni, ingawa alikuwa ameshaishika mkononi.

"Gari si langu, mwalimu," akasema. "Cheti ndicho kingekuwa changu."

Nilimwambia upo mtihani mwingine mwezi wa sita. Akaitikia kwa kichwa, akaenda akikimbia kwa jinsi mtu wa umri ule anavyoweza.

Chuo kiliniandikia kuuliza kwa nini kituo kizima hakikufanya mtihani, na kikanishauri nihamasishe zaidi. Watano kati ya wale sita hawakurudi masomoni, na sikuwashawishi. Mzee nilimwandikisha tena. Alipita Tunduma mara moja mwezi wa pili, akiwa anarudi kutoka Kongo, na hatukukaa. Alisema tajiri amekubali kumwekea nafasi mpaka Juni, lakini analalamika kwamba siku hizi anachelewa, maana jua likizama anaegesha popote linapomkuta. Baada ya hapo simu yake haikupatikana, ya Tanzania wala ya Zambia.

Mtihani wa pili ulifanyika Jumamosi yenye baridi na ukungu. Msimamizi alisoma jina lake mara mbili. Mchana nilikwenda kwenye foleni kuuliza, nikamkuta yule Mzambia. Alisema gari la mzee ameliona Nakonde siku hiyo hiyo, taa mpya mbele, na dereva mwingine kwenye usukani. Alimuuliza dereva yule mzee yuko wapi. Akajibiwa kwamba yeye alikabidhiwa funguo Kapiri Mposhi, na mtu aliyemkabidhi hakuwa dereva, alikuwa askari polisi.