Maneno Niliyomtungia Sista Klara

Mwanangu, umeniletea barua yako ya kuchaguliwa chuo kikuu, nami nimeisoma mara mbili: Kifaransa, na Kihispania kama somo la pili. Nimefurahi. Lakini kabla hujafunga begi, ipo siku moja ya huko Gehandu ambayo sijawahi kuisimulia, na ambayo naikumbuka kila nikifungua kamusi.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza. Chuoni nilisoma Kifaransa. Kiitaliano nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu kikuukuu nilichopewa parokiani, ukurasa kwa ukurasa, na daftari la maneno nililolipanga kwa alfabeti. Kusoma nilisoma vizuri. Kusikia sikuweza, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunisemesha. Nilipofika likizo nyumbani Mogitu sikulisema hilo. Niliwaambia wenzangu tukipukuchua mahindi kwamba lugha hizi zote ni watoto wa mama mmoja, Kilatini, na ukimjua mmoja, ndugu zake wanakuja wenyewe. Debe tupu haliachi kuvuma. Maneno yangu yalifika mbali kuliko nilivyotaka.

Yalifika Gehandu, kwenye zahanati ya masista. Hapo aliishi Sista Klara, mkunga wa Kiitaliano aliyewapokea watoto wa vijiji vile, na baadaye akawapokea watoto wa watoto hao. Alizungumza Kiswahili, na Kiiraqw cha wenyeji, cha kutosha kuwagombeza walevi. Kisha akapata kiharusi. Alipozinduka, Kiswahili na Kiiraqw vilikuwa vimemtoka vyote, kimebaki Kiitaliano alichozaliwa nacho. Masista wenzake, wasichana wa hapa hapa nchini, hawakuwa na neno la kumjibu. Mkuu wao alikuwa amekuja kwa gari kuamua moja kati ya mawili: abaki, au arudishwe Ulaya kwa ndugu zake. Alitaka kwanza kujua mgonjwa mwenyewe anasemaje. Basi wakatuma mtu anifuate.

Nilimkuta Bibi Marselina ameketi kando ya kitanda. Alikuwa mpishi wa pale, na tangu ujana wake hakuwahi kufanya kazi kwingine. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba, profesa,” akasema. “Leo tukusikilize.”

Sista Klara alinitazama, akasema maneno machache polepole, kisha akayarudia. Mdomo wake ulikuwa umepinda, na sauti ilitoka kama ya mtu anayeongea na chakula mdomoni. Sikupata hata neno moja. Chumba kizima kilinigeukia. Mwanangu, kile kitabu changu, katika ukurasa wake wa kwanza kabisa, kilifundisha namna ya kusema: sijaelewa, tafadhali rudia. Sentensi hiyo niliijua kuliko zote. Sikuisema. Nilijiuliza tu, mzungu mzee, mgonjwa, mbali na kwao, atataka nini? Nikamgeukia mkuu wa masista.

“Anasema anataka kurudi nyumbani.”

Bibi Marselina alitikisa kichwa. “Hapana. Lugha yake siijui, lakini mkono huu naujua. Umeshika chuma cha kitanda tangu gari lilipoingia. Mwulize tena.”

“Bibi,” nikamjibu, “mimi ndiye niliyesoma.”

Akanyamaza. Unajua desturi yetu: mtu mzima habishani na kijana mbele ya wageni. Hunyamaza, na kijana aliyelelewa huuelewa ukimya huo, akajirudi. Mimi niliuhesabu kuwa ni ushindi.

Wiki ile ile wakamchukua. Ilibidi masista wawili wamtoe vidole kwenye kile chuma, kimoja baada ya kingine. Nilikuwepo. Nilimbebea begi hadi kwenye gari.

Kwa mazoea yangu, siku ile ya kwanza nilikuwa nimeandika sauti zake kwenye daftari jinsi masikio yalivyozipokea, silabi kwa silabi, bila kujua neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Mwaka wa pili chuoni tukaanza kusikilizishwa kanda za wazungumzaji wenyewe, nami nikaomba zile za Kiitaliano. Ilichukua miezi mingi masikio kufunguka. Ndipo siku moja nikafika kwenye ukurasa ule, nikausoma kwa sauti, na silabi zikaachana zenyewe: Msinitoe hapa. Nimeshachagua mahali pangu.

Nilitafuta kosa. Nilitumia kamusi mbili. Kosa halikuwepo. Wakati huo taarifa za msiba zilikuwa zimeshafika Gehandu: Sista alifia katika nyumba ya kutunzia wazee, kwenye mji ambamo hakuna aliyemkumbuka.

Likizo iliyofuata nilikwenda kwa Bibi Marselina, nikamweleza yote. Alikuwa akichambua maharage, wala hakuacha.

“Nilijua siku ile ile,” akasema. “Na mimi nina kosa langu. Nilinyamaza kwa sababu umesoma.”

Afadhali angenitukana.

Kisha akanyanyuka, akanipeleka nyuma ya kanisa. Pale palikuwa na safu ya makaburi madogo madogo, ya watoto ambao Sista Klara aliwapokea wakafa mikononi mwake. Mwisho wa safu palikuwa na kipande cha ardhi cha urefu wa mtu mzima, kimezungushiwa mawe. Mawe yale Sista aliyapanga mwenyewe kabla hajaugua. Hakuna aliyezikwa pale. Bibi Marselina akanipa jembe, nami nikapalilia hadi nikamaliza. Bibi naye sasa amekwishafariki. Kila mwaka ninakwenda kupalilia kaburi lisilo na mtu.

Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, kwa hiyo sikupi la kunifariji; nakupa la kujilinda. Huko uendako utafundishwa vitenzi na nyakati zake, na utavijua. Lakini atakayekujia kesho na shida yake hatakuja na kitabu. Atakuja na mdomo uliopinda, na maisha yake yatakuwa yamesimama kwenye ulimi wako. Usipomwelewa, sema hujamwelewa, hata wote waliokusifu wawe wanakutazama. Na akitokea mpishi asiyejua kusoma akakwambia, mwulize tena, basi wewe mwulize tena. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumtungia mtu maneno ambayo yeye hakuyasema, kisha ukambebea begi.

Nenda salama. Mungu akufungue masikio kabla ya ulimi, akupe watu wa kukusemesha, na elimu yako isije ikamnyamazisha bibi yeyote. Na siku utakayorudi, pita Gehandu unisaidie jembe, maana mgongo wangu umeanza kuchoka.