Mama Barua na Barabara Iliyonyamazishwa

Kwa miaka kumi na tisa Mama Barua alisambaza barua kwa baiskeli katika bonde la mizabibu, na katika miaka yote hiyo hakutokea hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba alikuwa akistarehe. Alipanda vilima mfuko ukiwa mgongoni, akaisukuma baiskeli kwenye matope, akafukuzwa na mbwa wa kila mwenye shamba. Kiti alikitandika gunia lililokunjwa mara nne, la sivyo jioni angekula chakula amesimama. Watu walipoanza kuandikiana kwa simu, posta ilimpa cheti chenye jina lake lililokosewa herufi moja, ikamwachia na ile baiskeli, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Mwaka uliofuata kampuni ya kutembeza wageni kwa baiskeli ikakodi chumba juu ya duka la rangi. Ukutani walibandika picha ya mizabibu, na chini yake maneno: Safari tulivu, bila magari. Meneja alikuwa bwana mmoja wa viatu vyeupe ambaye baiskeli aliijua kwa kuiona ikipita.

"Mama, njia za mashambani unazijua?" aliuliza.

"Shimo kwa shimo."

"Sisi hatusemi mashimo. Tunasema mandhari ya asili."

Kisha akamvisha kilemba cha ukoka. Eti yeye ni hazina, eti bonde zima limo ndani ya miguu yake. Mama Barua, ambaye posta haikuwahi kumsifu hata kwa bahati mbaya, alikivaa kilemba hicho mpaka masikioni. Akapewa na kizibao cha manjano kilichoandikwa KIONGOZI mgongoni. Alikivaa kazini, alikivaa sokoni, alikivaa kliniki alikokwenda kupima presha, na mara moja alikivaa kwenye harusi ya jirani, juu ya gauni.

Masharti ya kazi hayakuwa mengi. Kiongozi haongei mpaka aulizwe. Kengele za baiskeli zote zilifunguliwa zikatiwa kwenye kopo. Na kwa kuwa injini na utulivu havikai nyumba moja, kampuni ilipatana na mwenye shamba kubwa kwamba barabara inayokatiza mizabibu ifungwe kwa mnyororo tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Trekta lisipite. Pikipiki isipite. Wagonjwa nao, nadhani, walitarajiwa waugue mchana.

Tatizo ni kwamba zabibu hazikuwepo kwenye kikao hicho. Zabibu za mvinyo huchumwa asubuhi, kungali na ubaridi. Zikipigwa na jua ndani ya kreti huanza kuchacha kabla hazijafika kiwandani. Basi mavuno yalipoanza, trekta likawa limelala bandani, na wachumaji wakawa wanazishusha kreti kwa vichwa, kilomita nzima hadi ghalani, wakipitia vijia vya pembeni ili wasiharibu picha za wageni. Miongoni mwao alikuwemo wifi yake Mama Barua, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde naye akaitika. Mume wa wifi huyo ndiye aliyekuwa dereva wa lile trekta.

Wageni wenyewe walikuwa watu wa ajabu kidogo. Walivaa suruali za kubana zilizoshonewa mto matakoni. Walishuka kwenye baiskeli kuinusa hewa, wakafumba macho, wakaambiana kwa kunong'ona kwamba hapa ndipo mtu anapojikuta. Kulikuwa na mke na mume ambao hawakusemezana siku nzima, na jioni wakaandika kwenye kitabu cha maoni kwamba utulivu ule umewafaa sana. Kwenye chumba cha kuonja mvinyo walizungusha glasi, wakanusa, wakasukutua, wakatema kwenye ndoo. Mama Barua aliwatazama asielewe. Watu wamesafiri toka mbali kuja kutema.

Lakini asiwacheke sana, kwa maana naye alikuwa ameanza kuvimba kichwa. Alijifunza kutembea polepole. Nyumbani alilalamika kwamba majirani wanafunga milango kwa kishindo.

Asubuhi moja alikuwa akiongoza watu sita, na nyuma ya mizabibu wachumaji walikuwa wakicheka kwa jambo alilolisema wifi. Mgeni mmoja alikunja uso. Mama Barua akageuka, akamwona wifi yake amesimama na kreti kichwani, jasho linamchuruzika, anamtabasamia. Akainua kidole, akakiweka mdomoni.

Wifi alinyamaza. Akanyamaza palepale, na akanyamaza jioni ile Mama Barua alipomsalimu uani, na akanyamaza siku kumi mfululizo. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Mama Barua alisikia sufuria, alisikia ufagio, alisikia shemeji, yule dereva, akikohoa. Sauti ya wifi hakuisikia. Alijitia hamnazo, akajiambia kazi ni kazi.

Siku ya kumi na moja kundi lilikuwa na hakimu mstaafu, mzee wa kitambi kikubwa na miguu myembamba. Kwenye chumba cha kuonja alisogezewa ndoo.

"Mimi nikishapewa kitu sirudishi," alisema, akameza. Akameza cha kwanza, cha pili, na kile cha saba akakiomba tena kwa kuwa hakukisikia sawasawa.

Walipotoka kulikuwa na mteremko. Mama Barua aliujua mteremko ule. Ingemfaa apige kelele, "Mzee, shika breki," lakini kiongozi haongei mpaka aulizwe. Akapunga mkono. Hakimu alidhani anasalimiwa, akaachia mkono mmoja naye apunge. Baiskeli ikaenda arijojo, ikavuka ukingo, ikamtumbukiza kwenye mfereji wa maji pamoja na kofia yake ngumu. Alipotolewa, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama andazi.

Mama Barua alimpigia meneja simu.

"Leta gari. Mzee ameumia mguu."

"Gari halipiti humo, mama. Kundi la pili limeshaingia, nao wameahidiwa bila magari."

"Kwa hiyo nimbebe?"

"Mtulize. Avute pumzi. Saa saba mnyororo ukifunguliwa nitakuja mwenyewe."

Ilikuwa saa nne na robo. Hakimu aliketi ukingoni akitoa maji sikioni, jua likianza kumkalia utosini. Mama Barua alipiga moyo konde, akampigia shemeji yake. Aliyepokea ni wifi, maana shemeji simu humwachia mkewe. Kimya. Alisikia tu mtu anapumua.

"Wifi, ni mimi," akasema. "Kuna mzee ameanguka mferejini, hawezi kusimama. Nawaombeni trekta." Halafu, kwa kuwa kimya kiliendelea: "Na siku ile nilikukosea. Nilijiona mtu."

"Trekta limekatazwa kunguruma," wifi akasema. Ndiyo maneno ya kwanza katika siku kumi. "Au tulisukume ili wageni wako wasishtuke?"

"Lingurume."

Likanguruma. Shemeji aliuondoa mnyororo, akauning'iniza kwenye nguzo, akapita katikati ya kundi la pili akiwasalimu mmoja mmoja. Kwa kuwa alikuwa na tela, alisimama kila palipokuwa na mchumaji, akapakia kreti na mwenye kreti. Walipofika mferejini walikuwa wanawake tisa juu ya zabibu, wifi akiwa mmojawapo. Wakampandisha hakimu kwa kumvuta na kumsukuma, wakamkalisha juu ya kreti mbili. Mama Barua akapanda naye; wageni wengine wakafuata nyuma kwa baiskeli, ndani ya moshi.

Wanawake wale, waliokuwa wakinong'ona tangu mavuno yaanze, walikuwa na maneno ya wiki tatu mdomoni, na yote yakamwangukia hakimu. Wakamuuliza umri, wajukuu, na kwa nini mtu mzima aliyesoma anavaa suruali yenye mto. Kisha wifi akauliza:

"Mzee, wewe ulikuwa hakimu. Barabara hii mtu anaweza kuifunga?"

"Ni ya nani?"

"Ya serikali," Mama Barua akadakia. "Posta imepita humu miaka yote."

"Basi hawezi, mpaka awe na kibali."

"Na mdomo wa mtu, unaweza kufungwa?"

"Nani kaufunga?" hakimu akauliza, akiwa amekaa wima sasa kama yuko mahakamani.

Wifi alimtazama Mama Barua, akaiweka sawa kreti iliyokuwa imeinama.

"Tulikuwa tunauliza tu," akasema.

Meneja aliwakuta getini, viatu vyake vikiwa vyeupe kama kawaida. Alianza kumpa Mama Barua vidonge vyake mbele za watu, kwamba ameua safari, lakini hakimu aliomba kukiona kibali cha kufunga barabara. Hakikuwepo. Akaomba na karatasi inayoonyesha breki zilikaguliwa lini. Nayo haikuwepo. Meneja akafyata mkia na kumtafutia mzee kiti.

Mnyororo haukurudishwa. Si kwamba mtu alitubu. Meneja aliogopa barua ya wakili, na mwenye shamba alihesabu zabibu zilizochacha. Kampuni ilimwachisha Mama Barua kazi kwa wiki mbili, mpaka kiongozi mpya alipowapoteza wageni watano kwenye mizabibu wakatokea upande wa machinjio. Akaitwa tena. Alikubali kwa sharti moja, kwamba akiona mtu anakwenda kuvunjika shingo ataongea bila kuulizwa.

Wiki zile mbili alizitumia shambani, akichuma kwenye mstari mmoja na wifi. Hakuwa amewahi kuchuma. Siku zote alikuwa mtu wa kupita tu. Aliwahi kujaza kreti kabla ya wenzake, akajisifu, wifi akaja akaichungulia.

"Hizi za kijani umezichumia nani, kiongozi?"

"Zitaiva njiani."

"Zitaiva njiani," wifi aliwatangazia wote mpaka mstari wa mwisho, nao wakacheka. Mama Barua akabisha kwamba ameona kwa macho yake zabibu zinaiva ndani ya kreti, wifi akabisha kwamba alichoona ni kuoza, na ubishi huo ukawafikisha saa sita.