Mume Wangu Aliitangaza Dhima ya Baba Mbele ya Jeneza

Admin, nifichie jina. Mtaa uache tu, Nyamirambo ni kubwa. Nina miaka thelathini na mitatu, ni fundi cherehani, nina mume na watoto wawili. Baba yangu alifariki miezi michache iliyopita. Nawaandikia nikiwa na hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani, kwa aliye hai au kwa aliye kaburini.

Kwetu Waislamu wa hapa, kabla maiti hajaswaliwa, mtu wa familia husimama mbele ya jeneza akatangaza kwamba yeyote mwenye haki yake kwa marehemu asimngoje kwa Mungu, amjie yeye. Kwa kawaida husimama mtoto wa kiume. Baba hakuwa naye, alinizaa mimi peke yangu, basi akasimama mume wangu. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu wa ua, tukamsikia kwenye spika: "Dhima yote ya baba mkwe wangu iko juu yangu. Mwenye haki yake anijie mimi." Mwishoni sauti ilimkatika. Wenzangu wakanishika mikono, wakaniambia nimepata mume. Katikati ya msiba ule nilijisikia fahari, nawaambia ukweli.

Haukupita muda akaja mwenye haki yake. Ni bibi mmoja wa Gatsata, Mkristo, anaitwa Mama Eriki. Jina nililijua. Zamani, nikiwa na mimba ya kwanza, baba alikuwa dereva wa teksi pale uwanja wa ndege Kanombe, na gari lake likamgonga kijana kwenye mteremko wa Gatsata. Kijana huyo, Eriki, hajasimama tena hadi leo, kuanzia kiunoni kwenda chini hana hisia. Baba alikiri polisi, mahakama ikasema dhima ni yake, akanyang'anywa perimi ya udereva na kufungwa. Bima ilimaliza habari ya hospitali na fidia. Alipotoka jela hakushika usukani tena, aliuza sambusa mpaka kufa kwake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akipanda Gatsata kumnyanyua Eriki, kumwogesha na kumgeuza, kwa sababu mama yake hamuwezi.

"Mimi sikuje kuomba franga," alisema Mama Eriki, amekaa ukingoni mwa kiti. "Naomba mutu wa kumunyanyua tu. Mugongo yake imeanza kuoza. Kule musikitini walisema mukwe ya muzee ndiye wa kumuendea."

Mume wangu hakumtazama usoni. Alimwambia atafikiria. Kesho yake jioni akarudi na jibu la rafiki yake avoka, yaani wakili, akanipa huku anavua viatu.

"Nimeuliza. Dhima ya jinai inakufa na mutu. Ile ya fidia ilishaisha. Maneno ya musibani si mukataba. Kwa sheria hatuko na kitu pale. Mwambie asirudi."

"Lakini ulisema mbele ya jeneza."

"Kila mutu anasemaka vile. Ni desturi."

Alikula vizuri siku ile, akaomba aongezwe. Mimi nilikosa pa kuweka uso. Ijumaa nikafunga cherehani, nikapanda basi hadi Gatsata. Sitawaficha, kazi ile ni ngumu. Vidonda vina harufu, na mwanaume mzima ni mzito hata akikonda. Eriki alifumba macho kwa aibu, na mimi nikatazama ukuta. Mama yake alipotoka kumwaga maji, nikamwomba Eriki amsamehe baba yangu.

Akafungua macho.

"Muzee hakukuwa anaendesha. Muzee alikaa pembeni. Aliyeshuka kwa usukani ni bwana yako, analia. Alikuwa anajifunza, hana perimi. Muzee alipiga magoti pale hospitali, akatuambia, 'Binti yangu iko na mimba, hii muniachie mimi.' Mama akamuapia tutanyamaza. Sasa yeye amekufa. Mimi ndiye ninanuka."

Nilishuka kwa miguu hadi Nyabugogo maana sikutaka kukaa na watu ndani ya basi. Nikakumbuka kwamba mume wangu hakwenda hata mara moja kumwona baba gerezani, akisema moyo wake hauwezi. Nilidhani ni huruma. Nikakumbuka baba alivyokuwa akija kwetu, anakaa karibu na mlango, anawabeba wajukuu, anaondoka kabla mkwe wake hajarudi. Baba alikwenda jela ili mimi nisijifungue peke yangu. Kisha yule aliyemponza akasimama mbele ya maiti yake akatangaza kumbeba, na watu wakamsifu.

Sijamwambia kitu. Jumanne na Ijumaa naenda Gatsata, yeye anadhani napeleka nguo za wateja. Nikisema, huenda akafungwa, na nyumba ambayo baba aliilinda kwa jela nitakuwa nimeibomoa kwa mdomo wangu. Nikinyamaza, baba analala na kosa la mtu mwingine, na mimi nalala na mwenye kosa. Namchukia, na bado ndiye baba wa watoto wangu.

Leo asubuhi kuna jirani yetu amefariki, naye hakuacha mtoto wa kiume. Wazee wa msikiti wamekuja kumwomba mume wangu akasimame mbele ya jeneza, kwa kuwa yale maneno anayasema vizuri. Amekubali. Sasa hivi anaoga, ameniachia kanzu niipige pasi. Pasi imeshapata moto, na mimi naandika. Ndugu zangu, niambieni kabla hajatoka bafuni: nimpe kanzu yake akaseme tena, au leo niseme mimi?