Mbuzi Arobaini kwa Alama Moja

Nikisema sikuona aibu nitakuwa naongopa, lakini hasira ndiyo iliyodumu zaidi, na hadi leo sijui nimkasirikie nani: kompyuta, wazee, ama hiki kichwa changu kilichosomeshwa hadi chuo kikuu.

Ndugu yangu Mwangi alikuwa anaenda Thika kwa ruracio, yale mazungumzo ya mahari. Anko Njoroge, msemaji wetu, alitaka ujumbe uwafikie watu wetu wa Ruiru pekee: tuanze na mbuzi kumi na tano, tusipite arobaini. Watu wa Thika wasiupate, na wapishi wasiupate, hata wale wetu, kwa sababu jikoni hakuna siri. (Niliuliza kwa nini watu wazima wafichane kitu ambacho kila mmoja anakikisia, nikaambiwa nitume tu.)

Mtu mwenye akili angechagua majina kwa mkono. Mimi nikasema huo ni ushamba, nina programu niliyoandika mwenyewe, na wageni wa pande zote wamo tayari kwa sababu ndiyo niliyoitumia kuwapa maelekezo ya njia. Nikaandika sharti la kuchuja: apite yule ambaye upande wake si Thika, au kazi yake si mpishi. Nikatazama majina machache ya juu, yote ya kwetu Mugutha, hapo Ruiru, nikatuma, nikaenda kuoga.

Nilipaswa kuweka alama ya "na". Ukiweka "au", mzee wa Thika anakataliwa na nusu ya kwanza, halafu nusu ya pili inamfungulia mlango kwa kuwa yeye si mpishi. Na kompyuta, ambayo hulalamika nikisahau mabano, siku hiyo ilinyamaza kabisa.

Tulipoketi, mzee wa upande wa Wanjiku, mchumba wa Mwangi, alivaa miwani, akatoa simu.

"Karibuni, watu wa Ruiru. Tusichoshane. Hapa mmeandika mtaanza na kumi na tano mfike arobaini. Sisi tutaanzia arobaini."

Walicheka hadi wengine wakapangusa machozi. Mwangi aliinamisha kichwa kama mtu aliyefiwa, maana ni yeye angeitafuta hiyo mifugo. Anko aligeuka polepole.

"Wewe ndiye wa kompyuta, sivyo?"

"Ni alama moja tu niliyokosea, anko."

"Hiyo alama yako ina mbuzi ishirini na tano."

Hawakupunguza hata mbuzi mmoja, na wazee wetu wakanitoza mbuzi wangu mwenyewe kwa kuwaaibisha. Nikauliza: kama kila mtu alijua mwisho, mbona tulikaa pale hadi jioni tukijifanya tunapatana?

Siku hizi sichuji chochote kabla ya kujaribu jina ambalo halifai kupita. Kuangalia wanaofaa hakukuonyeshi kitu. Niliapa hivyo palepale, nikiwa na sahani ya mukimo mkononi, mama mmoja mpishi wa Thika aliponiinamia akiwa amenuna.

"Kijana, kila mtu hapa ametumiwa huo ujumbe, hata wapishi wenu. Sisi wapishi wa Thika tuliwakosea nini?"