Konstebo Ameuawa na Mbweha

Kaka yangu alipoanza kuona giza pembeni mwa macho, jambo la kwanza alilofanya ni kunyamaza. Alikuwa konstebo, na nyumba tuliyokaa, chumba kimoja na kipande cha sebule katika kambi ya polisi chini ya mlima wa Kibuli, ilikuwa ya kazi yake. Mama alikuwa humo, na mimi nilikuwa humo. Baba naye alikuwa polisi, na alipofariki nyumba ilibaki kwetu kwa sababu tu kaka alikuwa amekwisha kuvaa sare. Asiyeweza kazi hana nyumba. Hilo kambini hata kuku wanalijua.

Daktari alimwambia presha ya macho imeua mshipa wa kuonea, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. Kilichobaki nacho kikaondoka, taratibu, jicho hili kisha lile. Kwa wakubwa wake tukapeleka habari ya mgongo. Mgongo ni ugonjwa mzuri kwa mwongo: hauonekani, na kila askari anao. Majirani nao tuliwaambia mgongo. Mlango ukawa unarudishwa mchana kutwa, pazia linashushwa, na yeye analala chali kitandani kama mtu aliyekatazwa kusogea. Mimi nilichukia uongo ule, lakini nilichukia zaidi wazo la mama kufunga virago akiwa na umri ule, kwa hiyo niliidanganya kambi nzima bila kupepesa macho.

Kazi yangu ni kuchapa na kutengeneza kompyuta kidogo kidogo katika duka moja Old Kampala. Nilipoona ndugu yangu anaoza kitandani, nilimletea kompyuta kuukuu yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na ndani yake mchezo niliouzoea nikiwa chuoni. Mchezo wenyewe hauna picha hata moja. Unashuka shimoni ngazi baada ya ngazi kutafuta hirizi, na kila kitu humo ni alama ya kibodi. Nukta ni sakafu. Wewe ni ile alama ya katikati ya anwani za barua pepe. Herufi moja ndogo inayokusogelea yaweza kuwa mbwa wako, yaweza kuwa mbweha mwenye njaa, utajua akifika. Na ukifa umekufa. Safari yote inafutwa, unaanza upya juu kabisa.

Nilidhani mchezo wa maandishi matupu utamfaa mtu asiyeona. Siku ya kwanza haukumfaa hata kidogo. Sauti ilimsomea skrini nzima, nukta nukta nukta nukta, mpaka akaniuliza kama nimekuja kumtania.

Dawa ilikuwa katika faili ya machaguo. Ni maandishi ya kawaida, mstari mmoja chaguo moja, unawasha au unazima. Tuliketi Jumapili, mama akiwa kanisani. Nilipanga ramani isisomwe, yasomwe maneno tu. Nikazima kuokota vitu ovyo, maana kila alipotembea sauti ilimtajia takataka zote alizobeba. Nikawasha lile la kumuuliza kwanza kabla hajampiga asiye na ugomvi naye. Kuna jingine ambalo wachezaji wengi hawalijali: ukiliwasha, mchezo unakwambia kila unapogonga ukuta. Usipoliwasha unasukuma tu, hakuna jibu, hujui umekwama au umesahauliwa. Nilipomweleza hilo alicheka, na sikuwa nimesikia cheko lake tangu mvua za mwanzo wa mwaka.

"Hiyo weka," alisema. "Huku ndani ukuta haisemi. Inapiga tu."

Tukafika kwenye jina la mchezaji. Mimi nilitaka jina la mzaha, kama tulivyofanya chuoni. Akakataa.

"Andika konstebo. Halafu jina yangu yote, na ya baba."

"Yote hiyo ya nini? Ni mchezo tu."

"Dada, wewe andika. Huko chini mimi iko kazini bado."

Nikaandika. Likabaki chaguo la kaburi. Mtu akifa, mchezo unachora jiwe la kaburi na kutaja jina, kilichomuua na ngazi aliyofikia. Nikamuuliza kama nilizime. Kwetu kambini, askari hazikwi hivi hivi. Mkubwa husimama mbele ya jeneza, kofia mkononi, akasoma cheo, jina, vituo marehemu alivyopita na kilichomuua. Baba alisomewa hivyo na sote tulikuwepo.

"Askari akikufa lazima anasomewa," alisema kaka. "Wacha isome."

Tangu hapo alibadilika, na nilifurahi mno hata nikaanza kujiona nina akili. Alioga bila kusukumwa. Aliuliza chakula kiko wapi. Nikirudi jioni ananisimulia konstebo na mbwa wake walikofika: kisima, duka la mzee mchoyo, na jinsi mbwa alivyopotea gizani, konstebo akakataa kushuka bila yeye. Alikuwa na vipokea sauti masikioni siku nzima, na mama alijua tu kwamba mtoto wake anasikiliza kitu. Hatukumweleza. Mama kuona mtu mzima anacheza wakati nyumba iko hatarini, tungeisikia hotuba yake mpaka Nateete, upande wa pili wa mji.

Kisha siku moja, alasiri, waya wa vipokea sauti ukakatika. Kaka hakuweza kusubiri nirudi. Konstebo wake alikuwa mbali sana shimoni, hai kuliko alivyopata kuwa. Akapunguza sauti ya kompyuta kadiri alivyoweza, akaendelea kucheza amelala, kompyuta kifuani. Mama alikuwa nje mlangoni anapepeta simsim.

Aliyemuua ni mbweha, mnyama wa kuchekesha, anayeuawa na wachezaji wa siku ya kwanza. Njaa ilikuwa imemlegeza konstebo, mbweha akammaliza. Sauti ikasoma kwa Kiingereza chake kikavu: konstebo, jina lake lote, jina la baba, ameuawa. Kiingereza cha mama ni cha sokoni, lakini kufa anakujua katika kila lugha inayosemwa kambini. Baadaye alituambia alidhani ni redio ya polisi, kwa sababu habari ya baba nayo ilifika kwa redio, kwa sauti kama hiyo isiyo na machozi. Aliita jina la mwanawe. Kaka alikuwa amekunja midomo kwa hasira ya kupoteza safari yote, hakuitika. Mama akasukuma mlango, akaona giza, akaona mtu amelala chali hatikisiki. Akapiga yowe.

Yowe la kambini halina breki. Watu huitika kwanza, maswali baadaye, maana kila nyumba inajua zamu yake yaja. Nilikuwa nashuka kwenye boda langoni nilipoona wanawake wanakimbilia upande wetu, mikono kichwani, wengine tayari na kuni za msiba begani. Nilikimbia nao. Nilikuwa nalia kabla sijajua ninalia nini. Nilijua tu kwamba mlango ule ni wetu.

Nilipofika, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani na mtu yuko kwenye simu anatafuta hema. Afande anayesimamia nyumba za kambi alikuwa amewasili, kofia mkononi. Mke wa sajini, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa amemkumbatia mama aliyeketi chini kwenye simsim iliyomwagika. Na hapo kaka akatoka.

Alitoka mbio, akagonga bega kwenye fremu ya mlango, akashika ukuta.

"Mama! Mimi niko! Mimi hajakufa!"

Ilikuwa furaha ya ajabu. Watu walipiga vigelegele, wengine walimcheka mama huku wanafuta machozi, mtu akasema shetani ameaibika. Mama akamrukia mwanawe miguuni. Afande naye akacheka, akamsogelea na kumnyooshea mkono ampongeze kwa kufufuka.

Mkono ukabaki hewani.

Kaka alikuwa anatabasamu, uso umeelekea kwenye mti wa kamba ya nguo. Afande hakuurudisha mkono. Aliusogeza kushoto polepole, kisha kulia, karibu kabisa na pua ya kaka. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja mpaka uwanja mzima ukawa unatazama mkono ule.

"Kijana," afande akasema, "macho yako iko namna gani?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi kifo chenyewe kilikuwa cha uongo na bado kilituumbua. Watu hutaka nijilaumu kwa jina lile nililoandika kwenye faili. Sijilaumu. Mtu aliniomba aitwe anavyoitwa, nikamwita.

Nilingoja watu waondoke, maana hakukuwa na maiti. Hawakuondoka. Mke wa sajini alisimama, akaziinamia kuni, akapanga mafiga, akawasha moto na kuteleka chai ya msibani, ile ya sufuria kubwa. Wengine wakakaa vitini. Walianza kuja kwa mama mmoja mmoja, wanamshika mikono yote miwili, "Pole sana, mama, pole sana," na mama anawaitikia kama mfiwa anavyoitikia. Kaka wakampa kiti katikati. Afande akavuta chake, akaketi ubavuni pake, akawa anaizungusha kofia magotini.

"Wewe ulikuwa askari mzuri," alisema.

"Asante, afande," kaka akajibu, na mtu akamwekea kikombe cha chai mkononi.